Kamera ya Kumsikiliza Dada

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, kulikucha kwa manyunyu. Haikuwa mvua ya kumfanya mtu atafute mwavuli, ila ilitosha kulowesha mabega na kulifanya anga lishuke chini, jeupe kama shuka lililotoka kuchemshwa. Bi Pasi alisimama dirishani kwake na kikombe cha chai mkononi, akayatazama manyunyu yale kwa moyo mkunjufu. Mtu mwingine angenuna. Yeye alisema, “Asante, Mungu wangu, kwa siku hii.” Kisha akaongeza polepole, kama anayemkumbusha rafiki jambo walilokwisha kulizungumza, “Na lile la kamera usiliache.”

Jina la Bi Pasi hakupewa na wazazi wake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia katika chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa, akinyoosha mashuka, mapazia na mashati ya wageni asiowajua. Alipostaafu alijiandikisha katika darasa la jioni la utengenezaji wa filamu. Walisomea kwenye maabara ya shule ya sekondari, katikati ya chupa za kemia na kiunzi cha mifupa ya plastiki kilichokosa mkono mmoja. Siku ya kwanza Mwalimu aliwauliza kila mmoja anatoka kazi gani. Wengine walijieleza mpaka wakachosha. Yeye alijibu, “Pasi.” Basi, likamganda.

Hakuchukia. Alikuwa mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote darasani, na daftari nene kuliko yote. Aliandika kila neno la Mwalimu, na kama kikohozi kingeandikika, angekiandika. Kila jioni kabla ya kufungua daftari aliomba, “Mungu, nifungue kichwa, kimekaa kimefungwa miaka mingi.” Na kichwa kilifunguka, kidogo kidogo, kama dirisha lenye kutu.

Sasa ilibaki kazi ya mwisho. Kila mmoja alitakiwa kutengeneza filamu ya dakika kumi, na Jumatatu inayofuata amtajie Mwalimu ni filamu ya nani. Bi Pasi alijua tangu siku ya kwanza. Alimtaka dada yake.

Dada alimzidi miaka minne, na alizaliwa hasikii. Utotoni mwao hapakuwa na shule ya viziwi karibu, kwa hiyo mama yao na mtoto yule walijitengenezea lugha yao wenyewe, ishara baada ya ishara, jikoni na uani. Jumamosi ilikuwa kukamua nguo, kwa sababu ndiyo siku waliyofua. Baba ilikuwa kuiweka sawa kofia. Bi Pasi mwenyewe alikuwa kufinya ncha ya sikio, maana alizaliwa na kinyama kidogo pale. Mungu alikuwa kiganja kilichofunguka juu ya kichwa, kisha kikashuka taratibu mpaka kifuani. Na wakati watu wengine hufumba macho wanaposali, ndugu hawa wawili walisali wakiwa wamekodoa macho, kwa kuwa ukiyafumba humsikii mwenzako. Mpaka uzeeni Bi Pasi alisali hivyo hata akiwa peke yake: macho wazi, mikono ikicheza.

Mama yao alikuwa ameshafariki. Lugha ile sasa ilikuwa na watu wawili tu duniani. Na Dada, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa magodoro, aliyeshindilia sufi na kuisukuma ile sindano ndefu kama mkono kutoka upande mmoja wa godoro mpaka wa pili, alikuwa ameanza kukakamaa vidole. Daktari hakuwaficha. Dawa zingetuliza maumivu, lakini vidole visingerudi kama zamani. Mwaka uliopita Dada alikuwa akisema “mvua” kwa vidole kumi. Mwaka huu aliisema kwa vinane, na mvua yenyewe ilionekana haba.

Ndiyo maana Bi Pasi hakutaka kungoja. Kikwazo kilikuwa Dada mwenyewe. Alikwisha kumwomba mara mbili, na mara mbili Dada alikataa katakata.

Hakukataa bure. Miaka mitatu nyuma wageni fulani walifika na kamera kwenye karakana ya magodoro. Dada aliwakaribisha, akavaa kitambaa kipya cha kichwa, akawaeleza kwa mikono jinsi alivyoijua kazi, jinsi alivyofundishwa na jinsi alivyowafundisha wengine. Baadaye filamu ilipofika kwenye simu za watu, ilikuwa uso wake tu. Uso, kuanzia kidevu mpaka kitambaa, na kinanda kikilia nyuma, na sauti ya mtu mwingine ikieleza kwamba mama huyu anaishi katika ukimya. Mikono ilikatwa yote. Dada aliitazama mara moja, akairudisha simu kwa mwenyewe.

“Wamechukua uso,” aliwaambia wenzake wa karakana, na Bi Pasi akatafsiri. “Mdomo wangu wameuacha nje.”

Tangu siku hiyo, akiona kamera huficha mikono makwapani. Kwa lugha yao, huko ndiko kufunga mdomo.

Bi Pasi aliliombea jambo hilo kwa muda mrefu, lakini kwa kuwa hakuona jibu, alifanya kama wafanyavyo watu wengi wenye hofu: alianza na lile lililo rahisi. Alianza kutafuta kamera. Sehemu ya kiinua mgongo chake aliitenga kwa ajili hiyo, na darasa zima likajitwika kazi ya kumshauri.

Mwalimu alikuwa na kauli yake aliyoirudia kila wiki: “Picha mbaya mtazamaji ataivumilia. Sauti mbaya, anazima.” Bi Pasi aliiandika na kuipigia mistari miwili. Na katika darasa lile alikuwepo fundi wa redio, mzee mwembamba mwenye penseli sikioni, waliyemwita Mawimbi. Kwake, kamera ilikuwa redio iliyobahatika kupata jicho.

“Bi Pasi, usidanganyike na lenzi,” alimwambia. “Lenzi ni macho ya duma, inavutia. Wewe angalia matundu ya maikrofoni. Yawe mawili, makubwa, ya kukaza waya usichomoke. Uweze kupandisha na kushusha sauti kwa kidole. Hapo umenunua kamera.”

“Matundu mawili, ya kukaza,” aliandika Bi Pasi.

Kwa wiki sita aliandika hivyo. Alijua tofauti ya maikrofoni ya kubana kwenye nguo na ile ndefu ya kunyooshea mtu. Alijua kwa nini jokofu lizimwe kabla ya kurekodi. Mawimbi alimchagulia hata kamera yenyewe, ile kubwa ya kubeba begani iliyokuwa katika duka la vifaa vilivyotumika, karibu na stendi. Kilichobaki kilikuwa kwenda kuinunua.

Na kwenda kununua kitu kikubwa bila Dada halikuwa jambo la busara. Hakuna muuzaji aliyemshinda Dada kwa bei. Mtu akimsifia bidhaa, akiapa, akimwita mama mpenzi, hayo yote hayamfikii. Anatazama mshono, anatazama bei, anatazama macho ya muuzaji. Basi.

“Nakuja kwa ajili ya bei tu,” alisema Dada kwa mikono walipokutana mlangoni, manyunyu yakiwa yamemtia nukta nyeupe kwenye kitambaa. “Hiyo kamera yako isinielekee.”

“Haitakuelekea,” alijibu Bi Pasi, akihesabu siku kimoyomoyo: Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

Mawimbi alikuwa amekwisha kufika dukani, vipokea sauti shingoni. Duka lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja upande wa barabara, na asubuhi ile ya mawingu mwanga ulioingia ulikuwa hafifu. Taa za huko nyuma zilikuwa zimeungua, na mwenye duka, mwanamke mnene mchangamfu aliyepandisha miwani kichwani, aliomba radhi.

“Fundi wa umeme ananizungusha tangu juzi, mama zangu. Lakini kamera nzuri haiogopi giza. Karibuni, kaeni.”

Kwenye kona mpiga picha wa harusi alikuwa akirudisha miguu mitatu ya kamera aliyoiazima. Aliposikia wanataka kununua, hakuondoka tena. Watu wa kazi moja hawawezi kuona mwenzao anachagua chombo wakapita.

Kamera ya bega ilikuwa mezani, nyeusi, nzito, waya wake umeunganishwa na televisheni ukutani. Mawimbi aliishika kama anashika mjukuu. Akachomeka maikrofoni, akamvika Bi Pasi vipokea sauti.

“Sema kitu.”

“Foronya kumi na mbili, mashuka sita, taulo…” alisema Bi Pasi, maana ndicho kilichomjia. Sauti yake mwenyewe ilimrudia masikioni, safi, nene, kama inatoka ndani ya kifua cha mtu mwingine.

“Umeona? Mpaka mate yanasikika!” alisema Mawimbi.

“Mungu mkubwa,” alisema Bi Pasi, akicheka.

Dada muda wote huo alikuwa akikagua mkoba wa kamera. Aliugeuza ndani nje, akavuta uzi mmoja uliolegea, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasoma bei kwenye kikaratasi. Akaweka kiganja kwenye paji la uso kama mtu aliyepatwa na homa, akaja mbele ya meza kumweleza mwenye duka, kwa mikono yake yote, kwamba mshono huu haufiki mwaka na kwamba bei hii ni ya mtu aliyelala.

Alikuwa amesimama mbele ya kamera bila kujua. Ndipo alipojiona ukutani.

Mikono yake ilikatiza kauli katikati. Akaitazama televisheni. Akasogeza vidole, haraka, na kule ukutani vidole vikawa moshi. Hakikuonekana kidole wala neno, ila ukungu uliokuwa ukipepea mbele ya kifua chake. Akamgeukia mdogo wake.

“Huyo ni mimi? Nimelewa?”

Bi Pasi aliitazama televisheni. Ishara alizozijua kabla ya kujua kutembea, hakuweza kuzisoma.

“Kwa nini mikono yake iko hivyo?” aliuliza.

“Mwanga ni kidogo, mama,” alisema mwenye duka. “Kamera inaliacha jicho lake wazi muda mrefu ili ipate mwanga, na kitu kikienda mbio kinaacha vumbi. Ngoja nilifanye lipepese haraka.” Alizungusha kitufe. Vidole vikaonekana, lakini picha yote ikazama gizani, ikajaa chembechembe kama mchanga.

“Sasa naongea nikiwa ndani ya gunia,” alisema Dada.

Bi Pasi alivua vipokea sauti, akaviweka mezani. Aibu ilimpanda taratibu kutoka shingoni. Wiki sita! Wiki sita amekaa na daftari lake, akitafuta sikio zuri la kumrekodi mtu ambaye hajawahi kutoa neno kwa mdomo. Matundu mawili, ya kukaza. Alikuwa ameapa kwamba wale wageni hawakumsikiliza dada yake, na yeye mwenyewe alikuwa akienda kumsikiliza kwa masikio.

“Mzee wangu,” alimwambia Mawimbi, “dada yangu hasemi kwa sauti.”

Penseli ilimdondoka Mawimbi sikioni. “Hukuniambia ni yeye unayempiga.”

“Nilikwambia dada yangu.”

“Ulisema dada yako. Hukusema huyu.” Alimtazama Dada, akaweka mkono kifuani kuomba radhi, na Dada, asiyejua kosa ni lipi, akaipokea radhi yenyewe kwa kichwa.

Mwenye duka hakutaka biashara imponyoke. Alitoa kwenye kabati kamera ndogo, mpya, inayong'aa. “Basi chukueni hii. Hii ina akili. Inamjua mtu.” Akaihamishia waya wa televisheni, akaielekeza, na kimstari cha kijani kikazunguka uso wa Dada, kikamfuata alikoenda. Mwanga haukuisumbua. Mikono ilionekana, ila ilirukaruka, kidole kikawa hapa, mara kipo kule, kama mtu anayesoma na kuruka mistari.

“Hiyo ni fremu, yaani picha, ishirini na tano kwa sekunde,” alieleza mpiga picha wa harusi kutoka kwenye kona yake. “Kwa mikono ya mbio, mpandishie mpaka hamsini.”

Mwenye duka akapandisha. Mikono ikatulia, ikawa laini. Lakini papo hapo picha ilivutika mbele, pande zote zikakatwa, kwa kuwa kamera ile ilitumia kipande tu cha kihisi chake, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ilipokwenda mbio. Televisheni nzima ikajaa uso wa Dada. Kuanzia kidevu mpaka kitambaa.

Dada alitazama uso ule, na kila aliyekuwepo aliona jinsi unavyobadilika, ukutani na pale pale aliposimama. Akaingiza mikono makwapani. Akageuka, akaelekea mlangoni.

Mtu asiyesikia huwezi kumwita akikupa mgongo. Bi Pasi alisimama akiwa ameganda, macho wazi, kiganja kikifunguka chenyewe juu ya kichwa na kushuka kifuani. Hakuomba Dada akubali. Kwa mara ya kwanza tangu darasa lianze, hakuomba hilo. Alisema, “Mungu, nipe nimsikilize,” kisha akakimbia, kwa miguu yake ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama, akampita Dada na kumkingia njia kizingitini, uso kwa uso.

“Nimekosea,” alisema kwa mikono. “Nilikuwa natafuta kamera bila wewe. Rudi uchague wewe. Chagua ile inayokusikia. Ukishachagua, ukikataa, nimekubali. Nitampigia Mwalimu filamu ya kitu kingine.”

Manyunyu yalikuwa yakimwagika barabarani nyuma ya Bi Pasi. Hatimaye mkono mmoja wa Dada ukatoka kwapani.

“Kitu gani?”

“Mashuka.”

“Mashuka?”

“Yakinyooshwa. Dakika kumi.”

Mkono wa pili ukatoka. “Nani atakaa dakika kumi kutazama mashuka? Hata aliyeyalalia hataki.”

“Watalala humo humo darasani.”

Dada alicheka, ule mcheko wake wa mabega usio na sauti, na alipomaliza kucheka alirudi ndani. Lakini sasa hakurudi kama mtu aliyesindikiza. Alirudi kama fundi anayeingia katika karakana ya fundi mwingine. Alipita rafu kwa rafu, mikono nyuma, akainama, akanyooka. Mwisho akanyooshea kidole kitu cha juu kabisa, cheusi, cha mraba, kilichokaa juu ya boksi la nyaya.

“Ile sura mbaya ni nini?”

Bi Pasi akatafsiri, akaacha “sura mbaya.” Mwenye duka alishaelewa kidole.

“Ile? Ile ni ya kazi, mama, haina urembo.” Alipanda ngazi fupi, akaishusha, akaifuta vumbi kwa kanga ya begani. “Haimjui mtu. Fokasi ya kunoa picha unaizungusha mwenyewe kwa mkono. Betri inaila kama kichaa, ununue tatu. Ila kihisi chake ni kikubwa, kinakunywa mwanga, na ikienda fremu hamsini haikati pembeni. Walioizoea hawaiuzi. Huyu aliyeiuza alihama nchi.”

“Na sauti?” aliuliza Mawimbi, kwa mazoea.

“Sauti yake, mzee wangu, tusiitaje.”

“Tusiitaje,” alikubali Mawimbi.

Walimweka Dada kwenye kiti kando ya dirisha, na Bi Pasi akapima hatua mbili tu kutoka pale, kwa kuwa ndivyo chumba cha Dada kilivyo, kitanda huku na ukuta kule. Mwenye duka alifunga lenzi pana, akachomeka waya wa televisheni. Mpiga picha wa harusi, asiyeombwa, akaisimika kamera kwenye ile miguu mitatu aliyokuja kuirudisha. Bi Pasi akaweka vidole kwenye pete ya fokasi. Ilizunguka nzito na laini, na mkono wake uliozoea kuhisi joto la pasi kupitia kitambaa uliielewa mara moja. Aliizungusha mpaka ukingo wa kitambaa cha Dada ukakaza, kisha kope, kisha vidole.

“Nikuambie nini?” aliuliza Dada.

“Chochote.”

Dada alifikiri. Macho yakamng'aa kwa utundu. Akaweka sawa kofia isiyokuwepo, akavuta shati hewani, akalitandaza. Akafinya ncha ya sikio. Kisha akashika pasi, akaisukuma kwa mbwembwe, kidomo juu kama mtoto anayejiona mkubwa, akageuka kutazama kitu dirishani, akasahau. Mikono ikawa moshi, lakini safari hii moshi wa kukusudia, kila kidole kikipanda kivyake. Akanusa. Akashtuka. Akainua shati, akachungulia kupitia tundu lililoungua mgongoni mwa shati. Akaweka sawa kofia tena, kwa hasira. Na sikio lililofinywa likanyoosha kidole, taratibu, kwa mnyama mdogo aliyelala na masharubu yake pembeni.

“Paka?” alipaza sauti Mawimbi. “Paka ndiye aliyepiga pasi?”

Duka zima likavunjika mbavu. Bi Pasi alicheka huku akitokwa na machozi na huku akishikilia pete ya fokasi, kwa sababu ilikuwa kweli tupu, alikuwa na miaka saba na shati lilikuwa la sikukuu, na paka yule alinyimwa maziwa siku mbili. Hakuna aliyetafsiri. Mtu wa redio, kwa miaka sitini na mitano ya kuamini masikio, alikuwa amesikia kisa kizima.

“Mrudishie aone,” alisema Bi Pasi.

Mwenye duka akabonyeza. Ukutani akatokea Dada, kuanzia kiunoni mpaka juu ya kitambaa, dirisha likimwangazia upande mmoja, na mikono yake yote miwili ikiwa na nafasi ya kunyooka. Kila kidole kilikuwa chake. Dada alisimama karibu kabisa na televisheni. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wawili tu wakisema lugha ile, mama yake na mdogo wake. Mwenyewe hakuwahi kujiona akisema. Alitazama kama mtu anayesikiliza mgeni anayejua habari za nyumbani kwao. Ukutani Dada alipouliza nani amechoma shati, Dada wa dukani alinyoosha mkono akajibu. Kisha akagutuka kwamba amejijibu mwenyewe, mabega yakatikisika.

“Kumbe nasema kwa haraka hivi!” alisema. “Na wewe unanielewa?”

“Siku nyingine.”

“Rudisha tena.”

Wakarudisha. Mara ya pili hakucheka. Alisogea, akaweka kucha kwenye kioo, juu ya kidole cha pete kilichokuwa nyuma ya wenzake, kilichofika mwisho wa kila neno kikiwa kimechelewa. Alikitazama ukutani, akakitazama mkononi, akakisugua.

“Huyu anachelewa,” alisema. “Hajawavuta wenzake bado.” Akamgeukia mdogo wake. “Basi tuanze kabla hajawavuta.”

Bi Pasi hakuthubutu kusogea. “Tuanze nini, Dada?”

“Unajua.”

“Sema.”

“Nipige. Yote. Maneno ya mama, yote ninayoyakumbuka, na magodoro, na paka.” Aliinua kidole kabla mdogo wake hajamrukia shingoni. “Ngoja. Uliniambia filamu hukatwa. Unakaa na mashine, unakata hiki, unaacha hiki.”

“Ndiyo. Huwezi kuweka yote.”

“Wale nao walikata. Walikata wakiwa kwao, mlango umefungwa. Mimi nataka kukaa hapo wakati unakata. Nisichokiona hakitoki.”

“Nimekubali.”

“Hapana. Usiniambie mimi peke yangu. Mimi na wewe tukigombana, nani atajua ulisema nini? Lugha yetu haina shahidi.” Dada alizungusha mkono dukani kote, kwa Mawimbi aliyekuwa ameshika penseli yake, kwa mwenye duka aliyeshusha miwani machoni, kwa mpiga picha wa harusi aliyesahau alikokuwa akienda. “Waambie kwa mdomo. Na mikono yako nione inasema hivyo hivyo.”

Bi Pasi aliwaeleza wale watatu wanachotakiwa kufanya. Mawimbi alivua kofia. Mwenye duka alienda akazima feni ili wasikie vizuri, na kwa nje manyunyu yalikuwa yamekwisha, mwanga umeongezeka kidogo dirishani. Bi Pasi akasimama mbele ya dada yake, akafuta viganja kwenye sketi, akasema kwa sauti na kwa mikono kwa pamoja, polepole, ili kimoja kisimwache mwenzake:

“Mimi, mdogo wake huyu, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi watatu: siku zote nitakapokata filamu hii dada yangu atakaa ubavuni pangu, na hakitatoka kipande hata kimoja, kiwe kifupi namna gani, kabla hajakitazama kwa macho yake na kusema ndiyo.”